Anayewachagulia Wenzake Makala

Kazi ya kuwachagulia wenzako makala za utafiti haina cheo wala posho. Anayeifanya hukumbukwa siku makala inapowashinda watu: "Hii nayo nani katuletea?" Ikiwa nzuri, sifa humwendea mwandishi, na raha ya mjadala humwendea aliyesema zaidi. Mimi naihesabu kuwa ufundi, tena ufundi mgumu, hasa katika uchakataji wa lugha asilia, fani ya kuifundisha kompyuta kusoma, kutafsiri na kujibu kwa lugha za watu. Makala zake mpya zinazotoka kwa siku moja zinamshinda mtu kuzimaliza kwa mwezi. Na ili nisiusifu ufundi huu hewani, nitakiweka kikundi cha kufikirika mahali halisi, kisha nijaribu kukichagulia.

Mahali penyewe ni Tura, kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora. Katika karne ya 19 hapo ndipo Unyamwezi ilipoanzia kwa mtu atokaye pwani. Wasafiri Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Kwa msafara unaoteremka kwenda Bagamoyo mambo yalikuwa kinyume: ukishaiacha Tura unaingia Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa lenye maji haba, na kila mpagazi ana kama kilo 30 mabegani. Hapo huulizi tu kitu gani kina thamani kuliko vyote. Unauliza nani atakibeba, na kitamfikisha wapi kabla ya maji kwisha. Mchagua makala anauliza hayo hayo. Makala inaweza kuwa bora duniani na bado ikawa mzigo usiowafaa watu hawa, wiki hii.

Watu wenyewe ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, kijana aliyemaliza diploma ya kompyuta, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye Kinyamwezi chake hakuna wa kukisahihisha. Wote wanasomea kwenye simu, kwa bando la kununua. Bahati njema, hifadhi ya makala ya ACL, chama cha kimataifa cha isimu kompyuta, iko wazi bila malipo, na makala ndefu ya mkutano wake kwa kawaida ina kurasa kama nane za maelezo kabla ya marejeo. Nane zinaonekana chache mpaka ukutane nazo katika Kiingereza kilichochanganyika na fomula. Wiki mbili zinakwisha.

Kijana wa diploma, najua, atataka tuanze na "Attention Is All You Need", makala ya mwaka 2017 iliyoleta muundo wa Transfoma, ambao modeli kubwa za leo zimejengwa juu yake. Ningemkatalia. Vipimo vyake vikuu ni tafsiri ya Kiingereza kwenda Kijerumani na kwenda Kifaransa, lugha zenye mamilioni ya jozi za sentensi zilizokwisha kukusanywa. Mtu wa Tura akianzia hapo atadhani suala zima ni hesabu na nguvu ya mashine, na kwamba data ipo tu mahali fulani inasubiri. Itasomwa, lakini baada ya watu kuwa na swali ambalo yenyewe ndiyo jibu. Kutuma viungo kila mtu anaweza. Kuichelewesha makala mashuhuri mpaka wakati wake ndiko kunakohitaji moyo.

Ningeanza na ya zamani. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha katika jarida la Nordic Journal of African Studies makala kuhusu namna kompyuta inavyoweza kuchambua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za ngazi mbili, yaani zinazolinganisha neno linavyoandikwa na vipande vinavyoliunda. Mbinu hiyo ilibuniwa na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, mwaka 1983, na si ajabu: Kifini nacho hurundika viambishi. Makala hiyo naipenda kwa sababu mwalimu wa hisabati hana la kuogopa ndani yake, na bibi ana la kusema. Mpe "hawakutulimia" aikate: ha-wa-ku-tu-lim-i-a. Vipande saba, kila kimoja na kazi yake. Sarufi aliyoifundisha ubaoni miaka yote anaikuta humo, imegeuzwa maagizo ya mashine, na kuanzia jioni hiyo hakai tena pembeni ya mazungumzo.

Kisha, bila kuwaachia nafasi ya kupoa, ningeweka ya mwaka 2006 ya Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu kutambua aina za maneno ya Kiswahili kwa kujifunza kutoka kwenye data badala ya kuandikiwa kanuni. Ukizisoma kila moja peke yake ni makala mbili za kawaida. Ukizifuatanisha zinagombana, na ugomvi wenyewe una jambo lililofichika ndani: data iliyotumika ni kopasi (mkusanyiko wa matini) ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo lebo zake ziliwekwa kwa programu iliyokua kutokana na kazi ya Hurskainen. Mashine iliyojifunza kwa mifano ilikuwa imepewa mifano iliyotoka kwenye kanuni. Ukilisema hili siku ya kwanza umeua mchezo. Mchaguzi hunyamaza akangoja mtu aulize lebo hizi aliziweka nani. Karani atauliza, kwa kuwa anayeshinda akipokea mitumba ya tumbaku hana budi kutaka kujua nani alipanga madaraja.

Kuoanisha namna hii ndiyo sehemu ya ufundi ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana. Orodha ya makala kumi nzuri huipata yeyote. Kujua ipi iketi karibu na ipi kunataka uwe umezisoma zote mbili mpaka kwenye majedwali.

Baada ya hapo ni zamu ya Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika ulioanza mwaka 2019. Makala yao ya 2020 inatoa vipimo vya tafsiri ya mashine kwa lugha zaidi ya 30, kwa mchango wa washiriki ambao baadhi yao hawakuwa na mafunzo rasmi ya fani hii. Ningewaelekeza watu wasome sehemu ya data kwanza, kabla hata ya muhtasari. Matini nyingi zilitoka JW300, mkusanyiko wa machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300. Mashine iliyokulia humo itakueleza ufufuo kwa ufasaha. Ikifika kwenye michembe, asali ya miombo na mkopo wa pembejeo, sijui. Siwalaumu waandishi. Walitumia kilichokuwapo, na walisema wazi kuwa ndicho walichotumia.

Lakini nikiambiwa nichague moja tu, ni MasakhaNER ya mwaka 2021. Wazungumzaji wa lugha 10 za Afrika, zikiwamo Kiswahili, Kiluo, Kiganda na Kinyarwanda, walichukua matini za vyombo vya habari wakaweka lebo kwenye majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe. Inaonekana kazi ya mtoto. Haya, "Jumanne atafika Jumanne." Wa kwanza ni mtu, ya pili ni tarehe, na herufi kubwa haimsaidii yeyote. "Tabora wamefungwa mbili bila." Mahali, au timu? Kikundi kitabishana mpaka giza liingie, na katikati ya mabishano mtu atakumbuka kwamba makala ina jedwali la kiwango cha makubaliano kati ya walioweka lebo, lile ambalo wengi huliruka wakiwahi matokeo. Sasa watalisoma kwa jicho la mtu aliyekwisha kubishana. Na profesa yeyote asiyejua Kiswahili angekaa kimya chumbani humo, jambo lisilotokea mara nyingi katika fani hii.

Ya Julia Kreutzer na wenzake ya mwaka 2022, iliyokagua ubora wa data za lugha nyingi zilizozolewa kwenye wavuti, haihitaji mjadala mrefu. Katika kopasi 205 walizoangalia, angalau 15 hazikuwa na matini yoyote ya kufaa. Watu wasome, halafu wachukue mistari mia moja ya Kiswahili wakague wenyewe.

Kuna hatari moja nzito: mchaguzi kuwaletea watu yale anayokubaliana nayo tu. Hapo anaendesha ibada. Mimi, nipendaye kazi ndogo zenye majina ya waliozifanya, ningejilazimisha kuleta ripoti ya Meta ya mwaka 2022, "No Language Left Behind", yenye lugha 200 na kurasa zaidi ya mia. Si yote, maana hakuna bando wala subira ya kutosha. Ningeandika: someni utangulizi, rukeni hesabu, nendeni kwenye orodha ya lugha. Bibi ataipekua akitafuta Kinyamwezi, na hakimo. Kiswahili kimo, na kijana wa diploma atakuwa na haki ya kusema kwamba kwa Kiswahili chenyewe kazi hii kubwa imesogeza mambo. Wote wawili wana hoja, na nisingeamua kati yao.

Ya mwisho si makala, wala si ya kompyuta. Ni sarufi ya Kinyamwezi ya Maganga na Schadeberg, iliyochapishwa Köln mwaka 1992, mwaka ule ule wa makala ya Hurskainen, yenye matini na msamiati ndani yake. Wenye kikundi rasmi chuoni wangeniambia nimetoka nje ya mada. Lakini kwa lugha isiyomo kwenye orodha, kazi inaanzia kwenye kitabu cha namna hii, na wasomaji wangu wameshaziona kanuni za ngazi mbili zikifanya kazi kwenye Kiswahili. Ningekitengea vikao vinne, bibi aongoze vyote, na kijana wa diploma aje na daftari kwa sababu kibodi ya simu yake haina alama za toni.