Mtetemo wa Mwendo wa Tisini

Pikapu ya zamani inayotulia hadi kilomita 70 kwa saa, kisha ikaanza kutetemeka inapokaribia 90, inaweza kumfilisi mwenyewe polepole. Leo ananunua tairi, mwezi ujao shokapu, baadaye tairodi, na mtetemo uko palepale. Fundi ninayemstahi ni yule asiyegusa boliti hata moja kabla hajashika usukani mwenyewe, akaipeleka gari kwenye lami iliyonyooka, tuseme Chalinze kuelekea Segera, na kuiuliza maswali ambayo gari yenyewe inaweza kuyajibu.

Chukua Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ule ulioanza mwaka 1984, pikapu yenye springi za pleti mbele na nyuma. Tairi lake lina kimo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo mzingo wake ni kama mita mbili na nusu. Mwendo wa 90 ni mita 25 kwa sekunde: kila tairi linazunguka mara kumi katika sekunde moja. Difu ikiwa na uwiano wa 4.1, propela shafti inazunguka mara 41 katika sekunde hiyohiyo. Utamu wa kazi hii umo humo. Mapigo kumi kwa sekunde mwili unayapokea kama mtikisiko. Mapigo 40 na zaidi huwa mvumo unaopanda sakafuni hadi kwenye kiti. Fundi mzoefu hajafungua boneti bado, lakini viganja na mgongo wake vimeshamwonyesha pa kuanzia.

Usukani ukicheza kuliko kiti, anashuku mbele. Kiti kikitikisika na usukani umetulia, anashuku nyuma. Kisha anashusha gia moja bila kubadili mwendo. Injini sasa inazunguka kwa kasi nyingine kabisa, na kama mtetemo haukubadilika, injini haina hatia. Anaweka frii na kuiacha gari iserereke (ufunguo usizimwe, maana breki hupoteza msaada wake). Mtetemo ukikoma, tatizo linakuja pale nguvu inapopita: krosi zilizolegea, au springi zilizochoka zinazoiacha ekseli ijipinde mafuta yanapokanyagwa. Ukija mguu unapoachia mafuta, beringi ya pinioni inastahili kutazamwa.

Tairi ni rahisi, nalo lisiruke foleni. Mvuto wa uzito uliozidi upande mmoja huongezeka mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili; ndiyo maana mjini husikii kitu. Gramu 30 tu ukingoni mwa rimu ya inchi 16, kwa mizunguko kumi kwa sekunde, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo mbili na nusu. Bonge la tope lililokaukia ndani ya rimu baada ya safari ya masika ni zito kuliko hapo, na dawa yake ni maji na brashi.

Ila akili ya fundi huonekana zaidi kwenye propela shafti. Krosi inayofanya kazi ikiwa na pembe haipitishi mzunguko kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko, upande unaoendeshwa huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya nyuma ndiyo inayolifuta kosa la ile ya mbele, kwa masharti mawili: yoki za ncha mbili za shafti zikae mstari mmoja, na pembe za mbele na nyuma zilingane.

Sharti la kwanza huvunjwa gereji. Shafti inachomolewa kwenye meno yake ili ipakwe grisi, inarudishwa jino moja pembeni, na gari iliyoingia kwa huduma ya kawaida inatoka na mvumo. Fundi makini hupiga alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kuchomoa. Alama hiyo ndogo inanipa imani naye kuliko bango lolote la getini.

Sharti la pili huvunjwa na sisi wenye magari. Tunataka pikapu ibebe saruji na mahindi kuliko ilivyopangiwa, tunaongeza pleti za springi, nyuma inanyanyuka, na shafti inapata mteremko mkali huku pua ya difu ikielekea kwingine. Mteja anaposema, "Ikiwa na mzigo haina shida, tatizo ni ikiwa tupu," fundi aliyebobea anasimama hapohapo. Mzigo unazishusha springi, pembe zinarudi, mtetemo unapotea. Sentensi hiyo moja inaokoa bei ya tairi nne.

Pembe zikiwa sawa na krosi nzima, hubaki balansi ya shafti. Mashine ya kuipima haiko kila mji, lakini klipu mbili za mipira ya rejeta zipo kila duka la vipuri. Fundi anazifunga kwenye shafti, anajaribu barabarani, anarudi, anazisogeza robo mzunguko, anajaribu tena, mpaka apate mahali mtetemo unapopungua kuliko kwingine. Inaweza kumla mchana mzima, na mwisho hana kipuri kipya cha kumwonyesha mteja. Ningependa gereji zetu ziiandike kazi hiyo kwenye risiti kwa jina lake, "kutafuta tatizo", juu kabisa, kabla ya bei ya klipu.