Chumba cha nyaraka hulindwa na mgawanyo wa funguo

Mwaka 1998 Serikali iliuza asilimia 75 ya Kampuni ya Sukari Kilombero: Illovo ya Afrika Kusini ikachukua 55, ED&F Man ya Uingereza 20, na asilimia 25 ikabaki serikalini. Kiwanda chake kimoja, Ruembe, kiko wilayani Kilosa, upande wa Mikumi; kwa hiyo mkazi wa Magomeni, Kilosa mjini, asidhani mauzo ya makampuni ni habari za mbali. Mnunuzi makini husoma kabla ya kulipa: hati za ardhi, madeni, kesi, mikataba ya wakulima wa nje wa miwa. Zamani nyaraka za aina hiyo zilisomewa chumbani, mlango umefungwa, msimamizi ameketi. Siku hizi chumba hicho kiko mtandaoni, na kinachokilinda zaidi ni namna funguo zilivyogawanywa.

Muuzaji hupanga nyaraka kwa namba, kisha kila msomaji hupewa ngazi yake. Mzabuni wa duru ya kwanza huona hesabu zilizokaguliwa. Mikataba ya bei hufunguliwa kwa aliyefika duru ya mwisho na kusaini kiapo cha usiri. Kwenye orodha ya malipo ya miwa, jina la mkulima, simu na akaunti yake hufunikwa, zikabaki tani na shilingi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mkulima huyo hata kampuni ikipata mmiliki mpya. Baruapepe ya msomaji huchapwa kwa rangi hafifu juu ya kila ukurasa, na mfumo huandika nani alifungua nini, saa ngapi.

Wapo wasemao WhatsApp inatosha, tena ni rahisi. Lakini faili likishatumwa huko, mwenyewe hajui tena liko kwa nani. Wengine husema skrini hupigwa picha. Ni kweli, ila picha hiyo hutoka na baruapepe ya aliyefunguliwa ukurasa. Hoja nzito zaidi ni kwamba usiri huwaficha wananchi mali yao. Ndiyo maana bei, mnunuzi na masharti ya mauzo ya mali ya umma lazima yatangazwe. Na daftari la wasomaji humpa mkaguzi ushahidi kama mzabuni mmoja alipendelewa. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mfumo wowote, kaa na mafaili yako uamue nani aone nini, na lini. Uamuzi huo hakuna programu itakayokufanyia.