Kitambaa cha Kochi Kinapoingia Jumba la Sanaa: Mwandishi ni Nani?

Wahakiki wa Kiswahili wameizoea kanga. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujua pindo, mji na jina. Kitambaa cha kochi hakijabahatika hivyo. Hata hivyo, katika sebule nyingi za Busia na Tororo kimetandazwa juu ya viti, meza na redio miaka nenda miaka rudi, kikiwa kimedariziwa maua, ndege na aghalabu maneno: "Karibu Wageni", "Mungu Ibariki Nyumba Hii". Hata jina lake limevuka mpaka, kwani Luganda ina neno ekitambaala.

Hapana budi tutenganishe vitenzi kwanza, maana magazeti huvikoroga. Mkeka husukwa. Kitambaa cha uzi mtupu hufumwa. Kudarizi (wengine husema kutarizi) ni kutia nakshi kwa sindano juu ya kitambaa ambacho tayari kipo. Mdarizi basi hukuta ukurasa mtupu, akaandika.

Wasanii wa kanda yetu wameanza kuzigeukia kazi hizi za nyumbani. Agnes Waruguru wa Kenya hutumia pamba, rangi, uzi na sindano. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki maonyesho ya Venice kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake, Acaye Kerunen, aliyeonyesha pamoja na Collin Sekajugo, alitumia mikeka na kazi nyingine zilizosukwa na wanawake mafundi, akaziunganisha upya. Majaji walilitaja banda hilo kwa heshima, na kwa maoni yangu walistahi panapostahili: ukili umebaki ukili, mkono wa msukaji haukufichwa.

Je, mbinu hiyo yafaa kwa kitambaa kikuukuu cha kudarizi? Nina shaka. Mkeka hauna sentensi. Kitambaa kinayo, na mkasi ukipita katikati ya "Mungu Ibariki", kinachosalia ni pambo la herufi. Msanii atasema ameunda maana mpya. Sawa, lakini amehariri matini ya mtu bila kumtaja, na katika maonyesho ya aina hii jina linalosalia vinywani ni la msanii.

Hasara nyingine yatuhusu sisi walimu. Chukua kitambaa kilichoandikwa "Kalibu". Mwalimu mwenye haraka atakiita kosa. Lakini katika Luganda, r hufuata i na e, na kwingineko huwa l. Baada ya a, basi, "Kalibu" ndiyo tahajia anayoitarajia mtu aliyejifunza kuandika kwa Luganda. Mdarizi ametuachia ushahidi wa njia ambayo Kiswahili kilimfikia. Msanii anayechagua vipande vilivyo "safi" huutupa ushahidi huo.

Siungi mkono, kwa upande wa pili, wale wanaovisifu vitambaa hivi kuwa mila ya kale. Shule za wamisheni ziliwafunza wasichana sindano ili wawe mama wa nyumba wa mtindo fulani, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952, viliendeleza mafunzo ya ushonaji. Utamu wa jambo ni kwamba wanawake waliipokea kazi iliyokusudiwa kuwatuliza, wakaitumia kusema na wageni, na wakwe, na Mungu. Kazi ya sanaa itakayoonyesha mvutano huo nitaifunga safari kwenda kuitazama.

Kwa sasa vitambaa vya kiwandani vinauzwa sokoni, na vile vya mkono vinageuzwa matambara ya kufutia vumbi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanze kwa bibi yake, amwulize ni nani aliyedarizi na maneno aliyapata wapi, kisha apige picha pande zote mbili. Upande wa nyuma ndiko yaliko mafundo, na mahali uzi mwekundu ulipoisha ukaungwa na wa waridi. Kitambaa kikishatiwa katika fremu ya kioo, upande huo hauonekani.