Kuisoma Grafu ya Asidi na Besi kwa Kiswahili

Katika nchi zetu mwanafunzi wa sekondari aghalabu hufundishwa kemia kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kisha nje ya darasa huomba aelezwe kwa Kiswahili. Maelezo hayo ya pili ni nadra kuhakikiwa, ingawa ndiyo yanayokaa kichwani. Hapa tuyatazame kwa upande mmoja tu: namna yanavyoisimulia grafu ya titresheni, yaani grafu inayoonyesha jinsi pH inavyobadilika besi inapotiwa katika asidi tone kwa tone kutoka kwenye bureti.

Masimulizi yaliyozoeleka ni haya: mstari hupanda polepole, halafu hupanda ghafla, halafu hulala. Kiswahili chake ni safi. Ila kila kitenzi kinauhusu mstari, wala hakuna hata kimoja kinachokihusu kilichomo chupani. Aliyekariri hivyo ameusifu mwandiko bila ya kuisoma barua.

Natuchukue mfano. Chupani mna mililita 25 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita. Katika bureti mna hidroksidi ya sodiamu ya kiwango hicho hicho. Mwanzoni pH ni 1. Zikiisha kuingia mililita 12.5, nusu ya asidi imekwisha, lakini pH haijapita 1.5. Zikitimia 24.9, pH ni 3.7. Zikitimia 25.1, ni 10.3! Tofauti ni mililita 0.2, yaani matone kama manne.

Wapo wanaofafanua jambo hili kwa methali: haba na haba hujaza kibaba. Kwa upande wa asidi inayokwisha, methali hiyo ni ya kweli, kwani kila tone huondoa kiasi kile kile. Kwa upande wa pH inapotosha. Kipimo hiki, kilichobuniwa na Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, huhesabu kwa makumi: pH ikipanda kwa 1, ioni za hidrojeni zimepungua hadi sehemu moja ya kumi. Asidi ikiwa nyingi, tone moja halina athari ya kuonekana. Asidi ikikaribia kwisha, tone lile lile huondoa karibu yote iliyosalia. Nguvu ya tone haikuongezeka. Basi neno "ghafla" halitoshi. Mwanafunzi na aseme kwamba asidi iliyosalia ni chache mno hata tone moja laweza kuigeuza hali ya chupa nzima.

Kuhusu kitenzi cha tendo lenyewe, wengine husema besi "huizimua" asidi. Kuzimua tumezoea kukutumia kwa kupunguza ukali kwa kutia maji, na maji hayaimalizi asidi. Binafsi napendelea "kutanguana".

Lakini neno linalostahili uangalifu zaidi ni "kulingana". Tukisema asidi na besi zimelingana, twasikia kwamba sasa hakuna kali wala chungu, na pH ni 7. Kwa asidi ya hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu ndivyo ilivyo. Badala yake tutie asidi ya siki, ya kiwango kile kile. Mwanzo wake ni pH 2.9. Katika nusu ya safari, kwenye mililita 12.5, pH ni 4.8, na hapo mstari umekaribia kulala: asidi isiyotumika na chumvi yake zinaizuia pH isibadilike upesi. Zikitimia mililita 25, zimelingana, lakini pH ni 8.7. Zimelingana kwa idadi, si kwa nguvu. Ile chumvi huchukua hidrojeni kidogo kutoka katika maji na kuacha ioni za besi.

Vilevile tusichanganye mahali pa kulingana na mahali rangi ya kiashirio inapogeuka. Fenofthalini hugeuka kati ya pH 8.2 na 10, kwa hiyo yaifaa siki. Methili oranji hugeuka kati ya 3.1 na 4.4. Mwanafunzi anayeitumia kwa siki ataiona rangi imekwisha kugeuka, ataifunga bureti, ataandika jibu lake kwa hati nzuri. Na zaidi ya nusu ya asidi ingali chupani.