Meza Hupimwa Umekaa

Kuvipandisha vile vibuyu vya mapambo ya meza juu ya magogo lilikuwa kosa, na mliokuwa kwenye harusi ukumbini Bukene Jumamosi ile mmeliona wenyewe. Kabla chakula hakijamalizika kugawiwa, karibu nusu ya meza zilikuwa zimeshateremsha mapambo yake sakafuni, mengine yakaishia chini ya viti. Wageni hawakufanya hivyo kwa utovu wa adabu. Walitaka kuonana.

Kazi nzuri ilikuwepo, nayo haihitaji maneno mengi. Kamati ilikataa maua ya plastiki. Ilikata masuke ya mpunga majarubani kabla hayajakomaa sana, ikayaning'iniza vichwa chini kivulini ili punje zisipukutike, na kila kibuyu kikatiwa mchanga na kukalishwa juu ya ngata ya nyasi. Hongera kwao.

Sasa tuje kwenye ile saa tisa alasiri. Mapambo yalikuwa yamekwisha kupangwa na vitambaa vimenyooka. Mpiga video akasimama mlangoni, akatazama kwenye kamera yake, akasema vibuyu havionekani. Hapo ndipo yakaletwa yale magogo yaliyokatwa kwa ajili ya kupamba njia ya maharusi. Ngata zikatolewa, vibuyu vikabandikwa juu ya magogo kwa gundi ya moto, na watu wakapiga makofi kwamba sasa ukumbi umesimama.

Tuweke futi kamba mezani. Ngata ilikuwa na sentimita 4, kibuyu 18, na masuke yalichomoza mdomoni mwake kama sentimita 12. Jumla ni 34. Hicho ni kimo kizuri, kwa sababu mgeni aliyekaa kwenye kiti cha kawaida macho yake huwa yapo kama sentimita 45 juu ya uso wa meza. Pambo linabaki chini ya kidevu chake, na anayemkabili anamwona bila kujinyoosha shingo. Ukiitoa ngata na kuweka gogo la sentimita 22, jumla inakuwa 52. Mdomo wa kibuyu unakaa karibu na usawa wa mdomo wa mgeni, na masuke, ambayo yakikauka hutawanyika na kuinama pande zote, yanaanzia sentimita 40 hadi 52. Sehemu pana kuliko zote imewekwa palepale macho yalipo. Ukitaka kumziba mtu asimwone shangazi yake upande wa pili wa meza, huwezi kupata kipimo kilicho sahihi zaidi ya hicho.

Kanuni ya kazi hii inajulikana na haijabadilika: pambo la meza ama liwe chini, lisizidi sentimita 35, ama lipande juu kabisa, shingo yake iwe nyembamba na majani yaanzie sentimita 60 kwenda juu, ili watu waonane chini yake. Katikati hapana. Kama kamati ilikuwa na hamu ya kimo, fundi wa kuchomelea angewatengenezea stendi za nondo nyembamba wiki moja kabla. Gogo nene la sentimita 22 halikupi faida ya chini wala ya juu.

Kuna pia suala la uzito. Kibuyu kina kitako cha duara. Ngata ndiyo inayokishika, na mchanga ndani yake unavuta uzito chini. Hii ni nchi iliyotoa wapagazi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, na kutuliza mzigo ni elimu ya nyumbani. Kuing'oa ngata na kuamini tone la gundi juu ya gogo ni kuupandisha mzigo na kuuondolea kikalio. Mtoto mmoja alivuta kitambaa cha meza karibu na mlango wa jikoni, na mchanga ukamwagikia kwenye sahani za pilau. Tena gundi ile ilifunga njia ya kurudi: walipogundua kosa hawakuweza kulitoa gogo bila kupasua kibuyu.

Na ubaya zaidi, uamuzi huo haukuisaidia hata video. Kamera ya mtu aliyesimama iko kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, meza iko sentimita 75. Kutoka hapo kamera inaangalia chini, na pambo fupi linaonekana lote pamoja na nyuso za wanaolizunguka. Kilichokosekana ni taa. Upande ule wa ukumbi ulikuwa na giza, na taa moja juu ya stendi ingemaliza neno. Badala yake sasa familia ina video ya masuke ya mpunga yenye vipaji vya nyuso nyuma yake.

Nimelisema hili katika safu hii na nitaendelea kulisema: harusi zetu zimekabidhiwa kwa kamera. Anayekaa mezani kwa saa tano hana sauti, anayepita na mashine dakika mbili ndiye anayeamua. Ni ugonjwa uleule uliotuletea maboksi ya maua ya plastiki, na ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, ambayo haiozi na baada ya sherehe inabaki kwenye majalala yetu. Reli ya Tabora hadi Mwanza imekuwa ikituletea bidhaa tangu ilipofika ziwani mwaka 1928, lakini si kila kilichoshushwa stesheni kinastahili kupanda mezani.

Akina mama waliopamba harusi za Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maduka yalipokuwa matupu baada ya Vita vya Kagera, walikuwa na bogenvilia, karatasi laini na chupa za soda. Hata hivyo, hawakupitisha pambo mpaka mmoja amekaa upande huu na mwenzake upande wa pili, wakaulizana kama wanaonana. Huko Uingereza, Constance Spry, aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mwaka 1953, alijijengea jina kwa kutumia majani ya mboga, magugu na vyombo vya jikoni. Vifaa vya kamati yetu vingemfurahisha. Magogo yale angeyarudisha njiani kwa maharusi.

Mavuno yameingia na harusi zinafuatana. Mama zangu na dada zangu wa kamati, endeleeni na vibuyu, endeleeni na masuke, na ngata msiziache. Pambo la kwanza likikamilika, liwekeni mezani, vuteni viti, mkae watu wawili mkabiliane. Egemezeni kiwiko mezani, msimamishe mkono na mkunje ngumi: likivuka ngumi, lipunguzeni. Atakayetaka kulibadilisha saa tisa alasiri, awe mpiga video au mwenyekiti wa kamati, mwambieni akae kwanza kwenye kiti cha mgeni, ndipo aseme.