Bahati Ilivyopenyezwa Kwenye Gemu

Katika Pac-Man hakuna kizuka anayebahatisha. Gemu hiyo ya kampuni ya Namco ya Japani, iliyobuniwa na Toru Iwatani, ilitoka mwaka 1980 ikiwa na vizuka wanne wanaomwinda mhusika mmoja wa manjano kwenye vichochoro, na wachezaji wengi waliamini kwamba vizuka hao wana akili. Hawakuwa nayo. Walikuwa na kanuni nne fupi ndani ya programu ya kilobaiti 16, nafasi ambayo leo haitoshi hata picha moja ya kutumiana kwa WhatsApp. Uzuri wote wa gemu hiyo umo katika kanuni hizo. Kasoro yake ya kibiashara nayo imo humo humo, na namna kasoro hiyo ilivyotibiwa inaeleza mengi kuhusu gemu za bure zilizojaa kwenye simu za leo.

Skrini ya Pac-Man imegawanywa katika miraba midogo, 28 kwa upana na 36 kwa urefu. Kila kizuka ana mraba mmoja anaoulenga. Akifika njia panda hupima ni uchochoro upi utakaomsogeza karibu zaidi na mraba huo, kisha huufuata. Kwa kawaida haruhusiwi kugeuka na kurudi alikotoka. Tofauti baina yao iko kwenye shabaha tu. Blinky, yule mwekundu, hulenga pale pale alipo Pac-Man. Pinky, wa waridi, hulenga miraba minne mbele ya mdomo wa Pac-Man, ndiyo maana huonekana kama mtu anayevizia kwenye kona. Inky, wa samawati, ana hesabu ndefu kuliko wenzake: huchukua mraba wa pili mbele ya Pac-Man, huvuta mstari kutoka alipo Blinky hadi hapo, kisha huurefusha maradufu, na ncha ya mstari huo ndiyo anayoikimbilia. Clyde, wa rangi ya chungwa, humfukuza Pac-Man akiwa mbali, lakini wakibakiza umbali usiofika miraba minane hughairi na kukimbilia pembe yake ya chini kushoto.

Juu ya kanuni hizo kuna saa. Katika hatua ya kwanza vizuka hutawanyika kwenye pembe zao kwa sekunde saba, hufukuza kwa sekunde 20, hutawanyika tena, hufukuza tena, mpaka mapumziko yao yanapokwisha na kubaki kufukuza tu. Pac-Man naye ana kanuni zake: hukata kona upesi kuliko vizuka, lakini kila punje anayoitafuna humchelewesha kidogo. Katika punje 244 za kila hatua, kubwa ni nne, na akimeza mojawapo ya hizo vizuka hugeuka bluu na kuanza kukimbia hovyo.

Hata uhovyo huo ni wa kuigiza. Mashine huchota namba kutoka kwenye mlolongo mmoja, na mlolongo huo huanza upya pale pale kila Pac-Man anapopata uhai mpya au kuingia hatua mpya. Matokeo yake ni haya: mchezaji akipita njia ile ile kwa wakati ule ule, vizuka nao watapita njia ile ile, leo, kesho na mwakani.

Pac-Man, kwa maana hiyo, ni kama bao lililowekwa barazani: kete zote ziko machoni, na anayefungwa hana wa kumlaumu. Wachezaji wa Marekani hawakuchukua muda mrefu kuligundua hilo. Walichora njia kamili za kumaliza hatua, wakazikariri, na miaka ile ile ya mwanzo ya 1980 vitabu vya ramani hizo vikauzwa madukani. Aliyehitimu hasa alisimamishwa na hesabu, wala si na vizuka. Namba ya hatua ilihifadhiwa katika baiti moja, ambayo haiwezi kuvuka 255; kwenye hatua ya 256 sehemu ya programu inayochora matunda huchanganyikiwa, na nusu ya kulia ya skrini hujaa herufi na takataka za rangi.

Pac-Man ilichezwa kwenye mashine za sarafu, na kwa mwenye mashine, mchezaji wa aina hiyo ni hasara inayotembea kwa miguu miwili. Sarafu ya senti 25 ilinunua maisha matatu, na biashara nzima ilitegemea maisha hayo kuisha upesi ili anayesubiri nyuma aweke sarafu yake. Mtu aliyekariri njia aliweza kuishikilia mashine kwa saa kadhaa kwa sarafu moja.

Tiba ilitoka kwa vijana. Kikundi cha waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT kilianzisha kampuni iliyoitwa General Computer Corporation, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza bodi ndogo za kupachika ndani ya mashine za watu wengine ili gemu iliyozoeleka iwe ngumu tena. Walianza na Missile Command ya Atari. Atari ikawashtaki, kesi ikaisha kwa mapatano, na vijana wakakubali kutouza bodi za aina hiyo bila ridhaa ya mwenye gemu. Tayari walikuwa na nyingine mkononi, iliyobadilisha Pac-Man. Wakaipeleka kwa Midway, kampuni iliyokuwa ikiuza Pac-Man Marekani, na mwaka 1982 ikaingia sokoni kwa jina la Ms. Pac-Man.

Wengi wanaikumbuka kwa utepe mwekundu kichwani na kwa kuwa na ramani nne badala ya moja. Badiliko la maana zaidi halionekani kwa macho. Mwanzoni mwa kila hatua, kwa sekunde chache, kizuka mwekundu na wa waridi hutangatanga kwa kubahatisha kwelikweli. Sekunde hizo zinatosha. Vizuka wakishaanza kwa mpangilio usiotabirika, njia iliyokaririwa haifai kitu hata kama kanuni za kufukuza hazijaguswa. Kwa ustadi wa kiufundi, ni kazi ya kupendeza: bahati kidogo mno, iliyowekwa mahali pamoja, inavunja kitabu kizima cha ramani, na bado mchezaji hodari anabaki hodari kwa sababu sasa anacheza kwa kuwasoma vizuka.

Kabla ya kufika kwenye simu za kugusa, kuna kituo kimoja kisichopaswa kurukwa. Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia nchini Finland, aliandika gemu ya nyoka kwa ajili ya Nokia 6110 iliyotoka 1997, yenye kioo cha nukta 84 kwa 48. Afrika Mashariki ilimjua nyoka huyo zaidi kupitia toleo lake la pili, kwenye Nokia 3310 na ile Nokia 1100 ya tochi, mulika mwizi. Gemu hiyo ilikuwa imeshalipiwa pamoja na simu. Haikuwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kumharakisha mtu kufa. Armanto alifika hadi kuongeza ucheleweshaji wa kitambo kidogo sana pale nyoka anapotaka kugonga ukuta, ili mwenye kidole kizito apate kugeuza dakika ya mwisho. Chakula cha nyoka hutokea popote, naam, lakini hakijawahi kumuua mtu; aliyekufa amejigonga mwenyewe.

Kwenye simu za kugusa hali ikawa nyingine. Candy Crush Saga ya kampuni ya King, gemu ya kupanga pipi za rangi moja ubaoni, iliingia Facebook mwezi Aprili 2012 na simu Novemba mwaka huo huo. Kuipakua ni bure. Mwaka 2015 kampuni ya Activision Blizzard ilitangaza kuinunua King kwa dola bilioni 5.9, na bei hiyo haielezeki bila kuutazama ubao wa pipi kwa jicho lile lile lililotazama vichochoro vya Pac-Man.

Mbunifu wa hatua ya Candy Crush huchagua umbo la ubao, vizuizi, idadi ya miondoko na idadi ya rangi. Rangi ndiyo nyenzo yake kubwa kuliko zote. Pipi zikiwa za rangi nne, zinazofanana hukutana zenyewe zinapodondoka, na mwondoko mmoja huzaa milipuko mitano bila mchezaji kufikiri. Zikiwa sita, ubao huganda na kila mwondoko hupatikana kwa shida. Kwa nyenzo hizo chache hatua inaweza kulegezwa au kukazwa kama nyuzi za gitaa. Kilichoachiwa bahati ni aina ya pipi zitakazodondoka kutoka juu kujaza mapengo, na hizo hubadilika kila jaribio.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya msingi. Bahati ya Ms. Pac-Man huja mwanzoni kisha humwachia mchezaji uwanja. Ya Candy Crush hudondoka baada ya kila mwondoko mpaka mwisho. Hakuna njia ya kukariri. Ustadi upo, na anayejua kupanga zile pipi maalumu, za mistari na za kufungwa, atapita mapema kuliko asiyejua, lakini aliyeshindwa akibakiza kizuizi kimoja hana namna ya kujua kwa hakika kama amekosea au amenyimwa. Mashaka hayo ndiyo bidhaa. Gemu humwonyesha kilichobaki na kumuuzia miondoko mitano ya ziada. Maisha ni matano. Yakiisha, moja hurudi kila baada ya nusu saa, na asiyetaka kungoja huomba kwa rafiki au hulipa. Mashine ya zamani iliuza mwanzo wa mchezo. Simu huuza mwendelezo wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya wachezaji wa Candy Crush wanaoshindwa kwa kukosa kidogo tu. Walikuta kwamba kukosa kwa namna hiyo huudhi kuliko kushindwa kwa mbali, na wakati huo huo huongeza hamu ya kuendelea. Mwaka uliofuata wataalamu wa King wenyewe walieleza hadharani jinsi walivyofundisha programu ya kompyuta, kwa kutumia miondoko ya wachezaji halisi, icheze hatua mpya kama binadamu na kukadiria ni wangapi watakaoshinda kabla hatua haijatolewa. Kwa gemu yenye hatua zaidi ya elfu kumi, kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mikono. Jambo lenyewe si la siri wala la hila, ila linaonyesha ugumu umehamia wapi. Katika Pac-Man ugumu ulichomwa kwenye chipu na mchezaji akauchunguza mpaka akaujua. Katika Candy Crush ni mchezaji anayechunguzwa, na hatua inayowatesa watu kupita kiasi inaweza kurekebishwa kwa sasisho.

Haifai kuilaumu bahati yenyewe. Pac-Man ni mkali kwa mgeni, ambaye hufa mara kumi bila kuelewa kwa nini, ilhali kwenye pipi hata bibi asiyewahi kushika gemu hupata ushindi wake wa kwanza ndani ya dakika moja. Tena kuna bahati yenye adabu. Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ilianza kwa kuchagua vipande vyake saba ovyo, na wachezaji wakalalamikia kile kijiti kirefu kisichotokea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 matoleo mengi rasmi huvitia vipande vyote saba katika mfuko mmoja, huvichanganya, na kuvitoa vyote kabla ya kujaza mfuko upya. Kijiti kinaweza kuchelewa, lakini kati ya kijiti kimoja na kingine kamwe havitapita zaidi ya vipande kumi na viwili. Bahati ipo, ina mpaka, na mpaka wenyewe unajulikana na kila mchezaji makini. Gemu za pipi zingeweza kufanya hivyo pia. Kiufundi si kazi ngumu.

Kwa wachezaji wengi wa Dar es Salaam au Mombasa, hesabu hii ina mkunjo mwingine, kwa kuwa kulipia miondoko ya ziada ya Candy Crush huhitaji kadi au njia nyingine ya malipo ambayo mtoto hana. Hapo huingia tangazo. Subway Surfers, gemu ya kukimbia relini iliyotengenezwa Denmark na kampuni za Kiloo na SYBO na kutolewa 2012, humpa aliyegonga treni nafasi ya kufufuka kwa funguo alizokusanya au kwa kutazama video ya biashara. Video hiyo hula bando, na bando ni fedha ya mzazi. Watoto wamelipatia jibu lao: huzima data kabla ya kufungua gemu. Matangazo hayaji, mbio huendelea kama kawaida, na nafasi ya kufufuka kwa kutazama video hutoweka pamoja nayo, kwa hiyo anayegonga treni funguo zikiwa zimekwisha huanza upya.