Mti, Dawa, na Udongo wa Kula

Kitabu cha Profesa J. O. Kokwaro juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki kilitoka Nairobi mwaka 1976, na mpaka leo sijaona kinachokishinda kwa mwalimu atakaye kuujua mti alioletewa mkononi. Mimea imepangwa humo kwa jamaa zake, kwa majina ya kitaalamu, ili mti mmoja wenye majina kumi ya wenyeji usihesabiwe kuwa miti kumi. Kazi hiyo twaisifu. Lakini kikisomwa peke yake hapa Tunduma chaweza kumpoteza msomaji, na kosa si la mtungaji. Ni la mazoea yetu ya kusema.

Ng'ambo ya mpaka, huko Nakonde, Kibemba husikika pamoja na Kinyamwanga, na katika Kibemba umuti ni mti, na umuti ni dawa. Waswahili walitwaa neno dawa katika Kiarabu, wala wazo la kale halikutoka: twasema bado mitishamba, na jani, gome na mzizi vyote vyaingia humo. Udongo hauingii. Magadi hayaingii, ingawa wako wayanywao kwa tumbo lililojaa.

Basi padre akimwuliza mama mjamzito aliyedhoofika, "Umetumia mitishamba?" naye akajibu, "La, Baba," amesema kweli tupu; kumbe kila siku hutafuna udongo ulionunuliwa sokoni, kichefuchefu kimwondokee. Udongo huo waweza kuzuia chuma kilichomo katika chakula kisiingie mwilini, damu ikapungua. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wajawazito wa Geita, penye machimbo ya dhahabu, ulikuta aseniki ndani ya udongo wa kula, uitwao huko pemba. Mkoa wa Songwe nao una wachimbaji wadogo, pande za Saza na Mkwajuni, nao hukamatia dhahabu kwa zebaki. Sisemi udongo wa sokoni kwetu una sumu. Nasema yafaa kuuliza umechimbwa wapi.

Kwa hiyo wenzetu wanaokusanya majina ya dawa kwa Kinyiha na Kinyamwanga wasiishie kwenye mimea. Waongeze fungu la udongo, mawe, chumvi na magadi, na kando ya kila jina waandike mahali kitu kilipotoka, na kipimo chake. Na mama aulizwe kwa jina la kitu chenyewe: "Je, mama, unakula udongo?"